Kuwatafuta blugili na krapi chini ya barafu: mwongozo kamili wa maziwa madogo yenye maji maangavu

Maziwa ninayoyazungumzia ni yale madogo ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ya ekari hamsini hadi mia tatu hivi, ambayo wakati wa kiangazi ukisimama gatini unaona chini kabisa, mita tatu au nne. Yalizaliwa barafu kuu ya kale ilipoyeyuka: mapande yake yaliyofukiwa ardhini yakaisha polepole, yakaacha mashimo, mashimo yakajaa maji. Minnesota peke yake ina maziwa 11,842 yenye ekari 10 au zaidi, na jirani zake Wisconsin na Michigan hawako nyuma. Wasemaji wa Kiswahili wengi tumeweka makazi Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis, na ziwa la kuvua haliko mbali na nyumba ya mtu yeyote kati yetu. Majira ya baridi ni marefu. Kuyapitisha yote ndani ya nyumba ni kujinyima. Ziwa likiganda, tunatoboa tundu kwenye barafu na kuvua hapo kwa mshipi.

Kwenye maji maangavu ya namna hii, kinachoamua samaki yuko wapi ni mwanga. Mwanga ndio unaoweka magugu hai chini ya barafu. Magugu yaliyo hai hutoa oksijeni na kuhifadhi wadudu, na wadudu humleta samaki. Mwanga huohuo ndio unaomwezesha samaki kukuona wewe na kuukataa mshipi wako. Kazi yote ya mwongozo huu ni kuufuata mwanga mpaka kwa samaki, kisha kujificha usionekane ndani yake.

Samaki tunaowatafuta

Blugili, Lepomis macrochirus, ana umbo bapa la perege, doa jeusi kwenye ncha ya kifuniko cha mashavu na mdomo mdogo sana. Anakula mchana, anakula polepole, na hutazama chambo kwa muda kabla ya kukigusa. Krapi mweusi, Pomoxis nigromaculatus, ana mdomo mpana na macho makubwa. Saa yake ni magharibi na usiku, na ngozi ya midomo yake huchanika ukimvuta kwa pupa. Pechi wa njano, Perca flavescens, ana mistari ya wima, hutembea kwa makundi karibu na matope na huacha kula giza likishaingia. Usimfikirie sangara wa Ziwa Victoria. Pechi wa sentimita 25 tayari ni samaki mzuri.

Hatua ya kwanza: hakikisha barafu inakubeba

Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri inchi 4 za barafu mpya angavu, yaani sentimita 10, kwa mtu anayetembea kwa miguu. Kipimo hicho ni cha barafu angavu, ile inayoonekana nyeusi kwa sababu macho yanapita mpaka majini. Barafu nyeupe, inayotokana na theluji iliyolowa ikaganda tena, ina nguvu nusu tu ya hiyo, kwa hiyo idai unene maradufu. Usiende kwa sababu umeona nyayo za mtu mwingine. Huenda alikuwa mwepesi kuliko wewe, na huenda alipita alfajiri kabla jua halijafanya kazi.

Beba mtaimbo. Piga kwa nguvu mbele yako kila hatua chache, na ukipenya kwa pigo moja au mawili geuka urudi kwa nyayo zako mwenyewe. Toboa na upime kila mita 45 hivi, maana barafu ya ziwa moja haina unene mmoja. Kwenye maziwa madogo ogopa hasa mahali kijito kinapoingia au kutoka, penye chemchemi chini, kandokando ya vichaka ambavyo biva (beaver), wanyama wanaojenga majini, wamejenga makazi yao, na karibu na gati zenye mashine za kupuliza hewa majini. Theluji nene iliyoanguka mapema nayo ni hatari ya kimya: huzuia baridi isifike kwenye barafu, na unene hauongezeki hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri.

Vaa jaketi okozi, ning'iniza shingoni misumari ya kujiokolea yenye vishikio, beba kamba na filimbi, funga miiba ya chuma chini ya buti, na usiende peke yako. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi mwili unavyoitikia maji baridi, anafundisha kanuni ya 1-10-1: una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 hivi kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Watu wengi hudhani wanakufa papo hapo, wanahangaika, wanameza maji. Tulia kwanza. Geukia upande uliotokea, kwa kuwa barafu ya huko ilikuwa imekubeba. Lala kifudifudi, piga miguu kama unaogelea, choma misumari kwenye barafu ujivute, na ukishatoka usisimame. Bingirika mpaka mbali.

Ukitumia hema na jiko la gesi, acha matundu ya hewa wazi wakati wote. Monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu itokayo kwenye jiko, haina harufu.

Hatua ya pili: tafuta samaki ukiwa bado nyumbani

Anza na leseni. Minnesota inaidai kwa kila mtu mwenye miaka 16 na zaidi, na leseni ya mwaka huisha siku ya mwisho ya Februari, wakati barafu bado ipo. Anayeendelea kuvua Machi anunue nyingine. Chini ya barafu unaruhusiwa mishipi miwili Minnesota, mitatu Wisconsin. Kanuni ya jumla ya Minnesota kwa siku ni krapi 10, pechi 20, na 20 wa jamii ya blugili kwa pamoja, lakini yapo maziwa mengi ambayo idadi ya blugili imepunguzwa hadi 10 au 5. Soma kanuni za ziwa lako kwa jina lake, na usome bango lililopo mahali pa kushushia mashua.

Kisha fungua LakeFinder, huduma ya bure ya Idara ya Maliasili mtandaoni. Kwa maziwa mengi utapata ramani ya vina, matokeo ya uchunguzi wa samaki na kipimo cha uangavu wa maji. Hicho cha mwisho wavuvi wengi hukiruka, nami nakiona ndicho cha thamani kuliko vyote. Hupimwa kwa kisahani cha sentimita 20 kinachoshushwa kwa kamba mpaka kipotee machoni. Mbinu hiyo ilianza kwa padri na mwanasayansi wa Kiitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865. Kisahani kikipotea kwenye mita moja, magugu hayaendi mbali. Kikipotea kwenye mita nne, tarajia magugu mpaka mita nne na hata zaidi. Kwa namba hiyo unaweza kukadiria, ukiwa kwenye kiti chako, ukingo wa nje wa magugu uko kwenye kina gani.

Sasa tazama mistari ya vina kwenye ramani na uufuate ukingo huo kuzunguka ziwa zima. Usitie alama kila mahali. Tafuta pale mstari unapopinda kuelekea ndani kama kighuba kidogo, pale rasi ya chini ya maji inapojitokeza, na pale mteremko mkali unapoyaweka magugu karibu na shimo refu la ziwa. Samaki wanaoishi hapo hawahitaji safari ndefu msimu unapobadilika. Weka alama nane au kumi kwenye GPS ya simu. Halafu weka nyingine mbili tatu kwenye shimo lenyewe: moja katikati, nyingine pale mteremko unapokoma na sakafu bapa ya matope kuanza.

Hatua ya tatu: elewa maji ya baridi yanavyofanya kazi

Maji ni mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo, wakati wa baridi ziwa hupinduka kinyume na kiangazi: maji yanayogusa barafu yako karibu na sifuri, na yaliyo vuguvugu zaidi, nyuzi 4 hivi, yametulia chini. Mtu angedhani basi samaki wote watakuwa chini kwenye joto. Wangekuwa, kama si oksijeni.

Barafu imefunga ziwa. Upepo hauchanganyi tena hewa na maji. Oksijeni iliyopo ni ile iliyobaki siku ziwa lilipofunga, pamoja na ile inayotengenezwa na mimea midogo na magugu yanayopata mwanga. Chini kabisa, majani yaliyokufa yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Akiba hupungua kuanzia sakafuni kwenda juu, wiki baada ya wiki. Kwenye maziwa ya kina kifupi sana yenye theluji nzito huisha kabisa, na majira ya kuchipua watu hukuta samaki waliokufa wakielea ufukweni.

Kutokana na hayo msimu una nyakati tatu.

Barafu ya kwanza, mwishoni mwa Novemba na Desemba, ndiyo rahisi kuliko zote. Magugu bado ni mabichi, mwanga unapita vizuri kwenye barafu isiyo na theluji, na blugili wako mle mle walimokuwa wakati wa vuli, kwenye mita mbili hadi nne. Gugu la kulitafuta ni Ceratophyllum demersum, lenye vijani vyembamba vilivyozunguka shina kwa pete. Huvumilia baridi na kubaki kijani wakati mengine yameshalala. Likija na ndoano, liangalie. Likiwa kijani na gumu, baki. Likiwa la kahawia na linateleza mkononi, hama. Hapo panakula oksijeni badala ya kuitoa.

Januari na Februari theluji inarundikana na giza linaingia majini. Magugu mengi yanakufa, na samaki wengi wanahamia kwenye shimo. Blugili na pechi hukaa karibu na sakafu pale udongo mgumu unapokutana na matope, kwa sababu ndani ya matope wamo mabuu mekundu ya usubi wa ziwani, ndugu wa wale wadudu wanaopaa kwa mawingu juu ya Ziwa Victoria. Wekundu wao ni hemoglobini, na ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni kidogo. Krapi hawagusi sakafu. Hukaa katikati ya maji wakifuata wadudu wadogo wanaoelea. Maziwa maangavu yana upekee mmoja wakati huu, na upekee huo umenipa samaki wengi kuliko mbinu nyingine yoyote: upepo hufagia theluji sehemu fulani za ziwa na kuacha barafu tupu. Chini ya mabaka hayo mwanga unaendelea kupita, na magugu hubaki mabichi katikati ya Februari wakati yale ya mita hamsini pembeni yameshaoza. Kabla hujatoboa tundu lolote, simama ufukweni uangalie upepo umefagia wapi, kisha ulinganishe na alama zako za ukingo wa magugu. Mahali vitu hivyo viwili vinapokutana ndipo pa kuanzia.

Machi theluji inayeyuka, maji yanateremka kwenye matundu na nyufa yakibeba hewa, na samaki wanarudi kwenye kina kifupi, hasa karibu na vijito. Uvuvi ni mzuri mno. Lakini barafu ya pembeni huwa ya kwanza kuharibika, na barafu iliyooza kwa jua haina kipimo cha kuaminika hata ikiwa nene. Mwezi huo mtaimbo usitoke mkononi.

Hatua ya nne: vifaa vichache, lakini sahihi

Kekee ya mkono ya inchi 6 inatosha. Ni nyepesi, haina mlio wa injini, na samaki hawa hupita kwenye tundu hilo bila shida. Ongeza upawa wa matundu wa kuondolea vipande vya barafu, mkeka wa kulalia, na sleji ya kuvutia mizigo.

Ufito uwe mfupi, sentimita 60 hadi 75, wenye ncha laini au springi nyembamba mwishoni, kwa kuwa blugili wa maji baridi haumi kwa kuvuta. Mara nyingi hunyonya chambo akabaki palepale, na unachoona ni springi kunyanyuka kidogo. Mshipi uwe wa flurokaboni, aina ya plastiki isiyoonekana sana majini, wenye nguvu ya kubeba paundi 2 au 3. Kwenye maji ya kahawia mshipi wa paundi 4 hupita, lakini kwenye maji haya unaonekana.

Ndoano iwe ndogo yenye kichwa cha tungsteni cha milimita 3 hadi 5. Tungsteni ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, risasi ina 11.3 tu, kwa hiyo chambo kidogo kabisa kinashuka upesi na kuunyoosha mshipi. Ipo sababu nyingine ninayoijali zaidi: ndege wazamiaji wa maziwa haya humeza chubwi za risasi zilizopotea na kufa kwa sumu yake. Tungsteni ni ghali kidogo, na bado naona haifai kubishana kuhusu bei hapo.

Chambo ni funza wa nondo wa nta au funza wadogo wa nzi, mmoja au wawili, wanaouzwa kwenye vikopo katika duka lolote la uvuvi. Wahifadhi mfuko wa ndani wasigande.

Kuhusu sona, kifaa kinachotafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, inasaidia sana kwenye shimo, ambako krapi wanaelea. Ujue tu inaona eneo dogo: yenye mwale wa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 6, inaangalia duara la mita 2 na kidogo. Samaki aliye mita tatu pembeni hayupo kwa mujibu wa mashine. Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, na unavua maji maangavu, mimi ningenunua kamera ya chini ya maji kabla ya sona. Inakuonyesha magugu ni mabichi au yameoza, sakafu ni mchanga au tope, na samaki ni blugili wa kiganja au vitoto. Asiye na chochote bado ana bildi: chubwi nzito iliyofungwa kwenye mshipi na kuteremshwa mpaka iguse chini.

Hatua ya tano: toboa yote kwa pamoja, kisha ondoka

Hapa ndipo maji maangavu yanapowaadhibu wenye haraka. Barafu husafirisha sauti vizuri, na kwenye mita tatu za maji ya kioo samaki wanasikia kekee, wanaona kivuli chako, wanatawanyika. Usitoboe tundu moja, ukavua, ukatoboa jingine pembeni.

Fika mapema. Kwenye alama ya kwanza toboa mstari unaoanzia ndani ya magugu, upite ukingoni, uishie mita kadhaa kwenye maji marefu, matundu sita hadi nane yenye nafasi ya mita tatu hadi tano kati yake. Nenda alama ya pili ufanye hivyohivyo, kisha ya tatu. Safisha matundu, lakini ukimaliza rudisha theluji au vipande laini vya barafu juu ya kila tundu. Tundu tupu juu ya barafu yenye theluji humwaga mwanga mkali chini, na blugili hukaa mbali nao. Halafu rudi kwenye mstari wa kwanza, utakuwa umeshatulia.

Barafu ikiwa tupu na angavu unaweza kupima kina bila kutoboa: mwaga maji kidogo juu yake, bonyeza kipokezi cha sona hapo, nayo itasoma kupitia barafu. Tembea hivyo kuvuka mteremko mpaka upate ukingo, ndipo utoboe. Na pale theluji inapopakana na baka tupu, simama upande wa theluji. Nyayo zako hazisikiki sana, kivuli chako hakipiti, na samaki wako hatua chache tu, chini ya mwanga.

Hatua ya sita: chungulia kabla ya kushusha

Kwenye maji yasiyozidi mita tatu au nne, macho yako ni chombo bora. Tandika mkeka, lala kifudifudi, jifunike kichwa na tundu kwa koti ili mwanga wa juu usiingie. Subiri kidogo macho yazoee. Utaona mashina ya magugu, vijia kati yake, na mara nyingi samaki wenyewe wakipita.

Tafuta nafasi wazi ndani ya magugu, si magugu mazito yaliyoshikamana. Blugili hupenda kukaa kwenye ukuta wa uwazi mdogo, nusu amefichwa, kwa sababu paiki na besi wanazunguka nje wakimwinda. Ukiona vitoto tu, wa sentimita kumi, usijidanganye kwamba wakubwa watafuata. Hama. Wakubwa huwa wachache, huwa chini kidogo ya kundi au pembeni yake, na hawapendi msongamano.

Kila tundu lipe dakika chache, si zaidi ya tano. Anayekaa juu ya tundu moja kutwa nzima kwenye ziwa dogo anasubiri bahati.

Hatua ya saba: kushusha na kusimamisha

Shusha chambo mpaka nusu mita juu ya samaki, usimpite. Blugili na krapi huinuka kufuata chakula kuliko wanavyoshuka. Chambo kikipita mbele ya uso wake kuelekea chini humtisha.

Kichezeshe kwanza kwa mitikisiko midogo ya haraka, ncha ya ufito ikisogea sentimita moja au mbili tu, kisha nyanyua polepole huku ukiendelea. Samaki anayefuata juu sentimita thelathini ameshavutika. Hapo simamisha. Kabisa. Wavuvi wengi humpoteza blugili kwa kuendelea kutikisa wakati yeye amesogea kuangalia.

Jambo linalosahaulika zaidi kwenye maji maangavu ni chambo kuzunguka. Mshipi uliojikunja kwenye rili ndogo hujifungua ukiwa majini, na ndoano huzunguka taratibu kama pia. Kwenye maji machafu samaki hajali. Hapa anakuja, anatazama, anageuka. Tumia rili ya gurudumu lililosimama sambamba na ufito, ambayo haipindi mshipi, au shikilia mshipi kwa vidole mpaka chambo kitulie. Angalia pia fundo: lisogeze juu ya pete mpaka ndoano ining'inie ikiwa imelala, si kichwa juu mkia chini. Lirudishe mahali pake baada ya kila samaki.

Unapochungulia kwa macho huhitaji kuhisi chochote. Funza mweupe akitoweka ndani ya mdomo, nyanyua kiganja. Usivute kwa mkono mzima. Ndoano ni ndogo na mshipi ni mwembamba.

Wakifuata bila kula, badilisha kwa utaratibu huu: kwanza punguza mchezo, kisha badilisha funza wawe wapya, kisha punguza ukubwa wa ndoano, mwisho badilisha rangi. Wengi huanza na rangi, na rangi ndiyo yenye uzito mdogo kuliko vyote.

Hatua ya nane: krapi saa za magharibi

Jua likikaribia kuzama acha magugu uende kwenye alama za shimo. Wadudu wadogo wanaoelea hupanda juu giza linapoingia, pamoja na mabuu ya Chaoborus, aina nyingine ya usubi wa ziwani, yaliyojificha matopeni mchana, na krapi hupanda nao. Samaki uliyemwona kwenye mita 7 saa kumi jioni anaweza kuwa kwenye mita 3 saa moja usiku. Usiache chambo kwenye kina kimoja, panda nao.

Mwenye asili ya Mwanza, Kisumu au Kigoma anaielewa hali hii bila kuelezwa, kwa sababu mvuvi wa dagaa anawasha karabai kwenye usiku usio na mwezi kwa sababu hiyohiyo: mwanga huvuta chakula, na chakula huvuta samaki. Lakini Minnesota hairuhusu taa ya kuvutia samaki. Kinachoruhusiwa ni chambo chenye mwanga kilichofungwa mwisho wa mshipi pamoja na ndoano. Tumia ndoano yenye rangi inayong'aa gizani, imulike kwa tochi sekunde chache ukiwa umeificha ndani ya koti, na ushushe. Kwenye maji maangavu mng'ao mkali hufukuza. Ukiona wanasogea kisha wanarudi nyuma, acha ufifie kwanza.

Krapi akila huinua chambo, na springi au boya hulegea badala ya kuzama. Nyanyua pole na umlete juu bila kulegeza mshipi.

Hatua ya tisa: chagua nani wa kubeba

Ziwa dogo linaharibika haraka. Madume wakubwa wa blugili ndio wanaolinda viota majira ya kuchipua. Wakiondolewa, madume madogo huanza kuzaa mapema na kuacha kukua, na baada ya miaka michache ziwa linabaki na vitoto. Ndiyo sababu Idara ya Maliasili imepunguza idadi kwenye maziwa mengi. Beba wa inchi 6 na 7, na rudisha wa inchi 8 kwenda juu hata kama sheria inakuruhusu. Nyama ya hao wa kati ni tamu sawa.

Urudishaji huo unafaa kwenye maji mafupi. Ukivua shimo lenye zaidi ya mita 9, samaki anapopandishwa mfuko wake wa hewa unavimba, na mara nyingi hafiki tena chini akiwa hai. Kwenye kina hicho vua idadi unayotaka kula, kisha funga mshipi. Anayerudishwa kokote asilazwe kwenye barafu: mshike kwa mkono uliolowa, mrudishe ndani ya sekunde chache, maana macho na mashavu huganda upesi kuliko unavyodhani.

Wa kubeba waweke kwenye ndoo yenye theluji kidogo, wasigande wakiwa wamejikunja. Wakiganda hivyo kupaa magamba ni tabu. Blugili wa inchi 7 ukimpaa, ukamtoa matumbo, ukamkata mistari ubavuni na kumpaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, anakaangwa mzima kwa dakika chache na kuliwa kwa ugali na kachumbari bila kumwonea haya samaki yeyote wa nyumbani.

Kabla ya kuondoka, funza na chambo kilichobaki kitie kwenye takataka, kamwe si majini. Vipande vya mshipi viokote vyote. Matundu makubwa uliyoyaacha wazi yachomeke vijiti au uyazibe kwa theluji iliyoinuka, ili anayepita gizani ayaone. Kisha andika: kina, rangi ya magugu, upepo ulifagia upande gani, saa samaki walipoanza kula na kwenye tundu la ngapi la mstari. Alama zilizotoa vitoto zifute kwenye GPS, na zile mbili au tatu zilizobaki zitoboe kwanza safari ijayo.